Okidi za stika ya njano: namna ya kuziokoa kama ndiyo kwanza unaanza

Okidi yangu ya kwanza niliinunua kwa paundi 2, wiki moja baada ya Siku ya Mama, katika duka kubwa hapa London, ikiwa na ile stika ya njano inayobandikwa bidhaa za bei ya kutupa. Ilikuwa rafu ya chini kabisa, karibu na mlango, kila mteja akiingia upepo wa baridi unaipiga. Maua yalikwisha kupukutika, bua limebaki kijiti, na majani yamelegea kama ngozi ya mzee. Nilipofika nyumbani nikaitazama, nikasema maskini, ina kiu. Nikaimwagilia asubuhi, nikaimwagilia jioni. Wiki ya tatu majani yote yaling'oka yenyewe.

Kumbe majani yale yalinidanganya. Ni kweli okidi ilikuwa na kiu, lakini si kwa kukosa maji. Mizizi yake ilikuwa imeoza kwa maji mengi, haikuwa na mdomo wa kunywea, na mimi nikazidi kuimwagia. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: okidi nyingi za bei ya kutupa hazifi kwa ukame, zinafia majini, na kinachokupa habari ya leo ni mizizi. Jani linakupa habari ya mwezi uliopita.

Aliyenifungua macho ni mama yangu. Nilimpigia simu huko kwetu Muheza, Tanzania, nikamwonyesha kwa kamera ile ya pili niliyoinunua, akaiangalia kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, hayo si ndugu wa yale yanayoota juu ya miti huku kwetu?" Nikakumbuka. Kwetu kuna okidi inayokaa kwenye matawi ya miti mikubwa, maua yake ya njano yana madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Wataalamu huiita Ansellia africana. Hakuna aliyewahi kuipandia udongo wala kuipelekea ndoo ya maji. Mvua inanyesha, inalowa. Jua na upepo vinakuja, inakauka. Mizizi yake imeng'ang'ania gome, hewa inapita pande zote.

Karibu okidi zote zinazouzwa kwa bei ya punguzo madukani ni za jamii ya falenopsisi, na nazo huishi hivyo hivyo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1825 na mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Blume, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mfano wa nondo", kwa sababu maua yake yanafanana na nondo waliotua. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia hasa, hadi kaskazini mwa Australia. Hizi tunazonunua Ulaya nyingi zimekuzwa Uholanzi ndani ya nyumba za vioo, katika joto na unyevu unaopimwa saa zote. Kutoka huko zinapakiwa kwenye lori, zinakaa ghalani gizani, kisha zinawekwa rafuni ambako mhudumu ana kazi mia nyingine. Zikifika kwenye stika ya njano, zimeshapita mengi.

Dukani: angalia nini kabla ya kulipa

Usivutwe na maua. Ua lililobaki ni la wiki chache tu, tena mara nyingine mmea unaokaribia kufa hubaki na maua yake kwa muda wakati huku chini umeshaisha. Anza na kitovu, yaani pale juu katikati ambapo jani jipya huchomoza. Falenopsisi hukua kutoka sehemu hiyo moja tu, kwenda juu. Kitovu kikiwa kigumu na cha kijani, una mmea. Kikiwa cheusi, chororo, au jani la katikati likitoka ukiligusa tu, iache hata kama ni bure. Zipo chache ambazo hutoa mtoto ubavuni baada ya kitovu kuoza, lakini anayeanza asianzie hapo.

Kisha inyanyue kutoka kwenye chungu cha urembo. Ndani kuna chungu cha plastiki angavu, na kupitia hapo utaiona mizizi. Ya kijani au ya rangi ya fedha ni hai. Ya kahawia iliyobonyea kama kamba iliyolowa imekufa. Usikate tamaa ukiona mingi imekufa. Mizizi mitatu minne iliyo hai inatosha kabisa kuanzia. Ukikuta chungu cha urembo kimejaa maji, umejua chanzo cha ugonjwa hapo hapo.

Majani yenye mikunjo au yaliyolegea hayanitishi. Jani moja la chini kabisa kuwa la njano ni uzee wa kawaida. Linalonifanya nirudishe chungu rafuni ni doa linaloonekana kama limelowa maji, jeusi au la kahawia, lenye harufu mbaya. Huo ni uozo wa bakteria na hutembea kwa siku chache tu. Vilevile michirizi au miduara ya njano na nyeusi iliyojipanga kwenye majani inaweza kuwa virusi, na virusi vya okidi havina dawa. Mwisho pekua chini ya majani na kwenye makutano yake. Vipande kama pamba nyeupe ni wadudu waitwao vidung'ata. Kama nyumbani huna okidi nyingine unaweza kuvimudu. Kama unazo, ya nini kuwaletea wenzake maradhi?

Ukinunua wakati wa baridi, ifunge kwa gazeti kutoka juu hadi chini kabla ya kutoka dukani. Dakika kumi kwenye kituo cha basi penye baridi kali zinaweza kuharibu majani ambayo ulikuwa hujaanza hata kuyatunza.

Ikifika nyumbani, itenge. Wiki tatu iwe chumba tofauti na mimea mingine, dirisha tofauti, na usitumie mkasi wake kwa mwingine.

Kuitoa kwenye chungu

Kama okidi bado ina maua mazuri na mizizi inaonekana kijani, huna haraka. Iache imalize maua, huku ukihakikisha haikai majini. Lakini ukisikia harufu ya uozo, au chungu ni kizito na unyevu hauishi, fanya kazi leo, na bua ulikate. Mmea hauwezi kulisha maua na kujenga mizizi mipya kwa wakati mmoja. Najua inauma kukata maua. Yatie kwenye glasi ya maji, yatakaa siku kadhaa.

Utahitaji mkasi mkali, spiriti, kiberiti au jiko la gesi, magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vya sentimita moja hadi mbili (maduka ya bustani huyauza yakiwa yameandikwa ya okidi), chungu cha plastiki angavu chenye matundu mengi chini, na gazeti la kutandika. Magome yaloweke usiku kucha, uyachuje asubuhi. Magome makavu hayanywi maji. Yanayaacha yapite tu.

Kabla ya kugusa chochote, pitisha makali ya mkasi kwenye moto. Spiriti huua vingi, lakini kwa virusi naamini moto zaidi. Fanya hivyo kila unapohama mmea mmoja kwenda mwingine, hata kama ni miwili tu.

Loweka chungu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi ili mizizi ilainike, kisha kiminye kiminye pembeni, uusukume mmea utoke. Ukikataa, kata plastiki. Usivute kwa majani.

Sasa tafuta kizibo. Hili ni jambo ambalo stika za maelekezo hazilisemi, nami naona ndilo linaloua okidi nyingi kuliko uzembe wa wanunuzi. Mche ulipokuwa mdogo kitaluni, uliwekwa kwenye kijisponji au kikapu kidogo cha plastiki kilichojaa nyuzi laini au kuvumwani, yaani vile vimea laini vinavyotanda penye unyevu. Kule kitaluni kilifaa, kwa sababu maji yalipimwa. Mmea ulipokua ukahamishiwa chungu kikubwa kizibo kikaachwa pale pale katikati ya mizizi, chini kabisa ya shina. Ukimwagilia, magome ya nje yanakauka kwa siku nne, kizibo kinabaki chepechepe wiki tatu. Unaona juu pakavu, unaongeza maji, na shina linaoza kutokea ndani. Kitoe. Ukichambue kwa vidole taratibu, ukikate kikapu kwa mkasi ikibidi, hata kama utavunja mzizi mmoja au miwili. Okidi niliyowahi kuacha kizibo chake kwa kuogopa kuvunja mizizi iliniozea miezi miwili baadaye.

Kuchagua mizizi ya kukata

Hapa wanaoanza hukosea kwa kukata mno. Mzizi wa okidi una gamba nene la nje, laini kama sponji, linalofyonza maji na kuyahifadhi. Ndani yake kuna uzi mwembamba mgumu. Gamba likiwa kavu huonekana la fedha. Likilowa huwa angavu na ule ukijani wa ndani unaonekana. Lakini mizizi iliyokuwa katikati ya chungu, gizani, haina ukijani. Inaweza kuwa ya njano au kahawia hafifu na bado ni mizima. Kwa hiyo usihukumu kwa rangi, hukumu kwa vidole. Minya kila mzizi polepole kuanzia juu hadi nchani. Ulio mgumu na uliojaa ni hai, uache, hata kama ni mbaya kuutazama. Unaobonyea, unaotoa maji, au ambao gamba linachomoka mkononi ukabaki uzi mtupu, huo umekufa. Ukate hadi ufike penye ugumu. Mzizi uliokufa nusu, kata nusu.

Osha vyote kwa maji yanayotiririka, kata majani yaliyooza, vua yale maganda makavu yanayozunguka shina chini, maana ndimo wadudu hujificha. Wengi hupaka mdalasini kwenye vidonda. Unafaa, kwa sababu hukausha na huzuia ukungu, lakini kwa sababu hiyo hiyo hukausha mzizi mzima pia. Mimi naupaka kidogo kwa ncha ya kidole kwenye kidonda cha shina au cha jani, basi. Mizizi siigusi nao.

Kisha iache juu ya gazeti, kivulini, saa kadhaa, vidonda vikauke.

Kuipanda tena

Chagua chungu kinachoenea mizizi iliyobaki, si kinachoenea majani. Ukiwa na mizizi minne mifupi, chungu cha sentimita 9 ni kikubwa cha kutosha. Chungu kikubwa kwa mizizi michache ni dimbwi.

Ishikilie okidi kwa mkono mmoja, chini ya jani la mwisho pawe sawa na ukingo wa chungu, jaza magome kwa mkono mwingine, ukigongagonga pembeni yaingie kati ya mizizi. Usifukie shina wala usikandamize kwa nguvu. Mizizi ya hewani iliyozoea kuwa nje iache nje. Ukiilazimisha ndani mara nyingi huoza. Ukimaliza, inyanyue kwa majani kidogo. Ikicheza, tia kijiti uifunge. Ncha za mizizi mipya ni laini kama kucha ya mtoto mchanga, na mmea unaotikisika huzikwangua kila siku bila wewe kujua.

Usiimwagilie siku mbili tatu za mwanzo. Ule unyevu wa magome uliyoyaloweka unatosha.

Isiyo na mizizi kabisa

Mara nyingine unakata, unakata, unabaki na shina na majani mawili. Kama kitovu ni kizima, usiitupe. Chukua kuvumwani aina ya sfagnamu, iloweke, kisha ikamue kwa nguvu zako zote hadi lisidondoke hata tone. Itandaze chini ya kopo kubwa la plastiki angavu, uikalishe okidi juu yake ili shina liguse kwa mbali tu, lisizame. Funika kwa kifuniko au mfuko angavu, uuache wazi kidogo. Weka mahali penye nuru lakini jua lisiingie, maana ndani ya mfuko jua huipika. Joto la nyuzi 22 hadi 25 ndilo zuri. Kila siku mbili fungua upunge hewa, uchungulie ukungu.

Kazi yenyewe hapa ni kungoja. Majani yataendelea kusinyaa, utadhani imekwisha. Halafu siku moja, pengine mwezi wa pili, pengine wa nne, utaona kinundu kidogo cha kijani kimetokeza ubavuni mwa shina. Mizizi ikifika sentimita nne au tano na iwe miwili mitatu, ndipo uihamishie kwenye magome. Usiipe mbolea katika kipindi chote hiki. Haina cha kuilia.

Maji

Usimwagilie kwa kalenda. Tazama mizizi kupitia plastiki: ikiwa kijani, subiri, ikigeuka fedha yote, na chungu kikiwa chepesi mkononi, ndiyo siku yake. Nyumbani kwangu wakati wa kiangazi ni kila siku tano au sita, na wakati wa baridi inaweza kufika siku kumi na mbili. Kwako itakuwa vingine.

Ikifika siku, weka chungu ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yafike karibu na ukingo, dakika kumi au kumi na tano. Kisha inyanyue ichuruzike hadi iishe ndipo uirudishe kwenye chungu cha urembo. Fanya asubuhi. Tone likiingia kwenye kitovu, linyonye kwa ncha ya karatasi ya shashi. Maji yanayolala kitovuni usiku wa baridi huozesha mmea uliouhangaikia miezi.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya bomba ya London ni magumu, yana chokaa nyingi, huacha utando mweupe juu ya magome na mizizi, kwa hiyo mimi hukinga mvua kwenye ndoo huko nje. Ukiwa huna namna, tumia ya bomba, lakini badilisha magome kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Maji yaliyolainishwa kwa chumvi, na maji ya visima vya pwani yanayoonja chumvi, usiyatumie kabisa.

Nuru, joto na chakula

Dirisha linaloelekea mashariki, lenye jua la asubuhi tu, ni pazuri popote ulipo. Jani lenyewe litakuambia. Likiwa kijani cheusi, nuru ni ndogo. Likianza kuwa na wekundu au unjano, imezidi. Kijani cha majani ya mgomba mchanga ndicho unachotaka. Falenopsisi hupenda joto tunalolipenda sisi, nyuzi 18 hadi 28. Chini ya 15 huanza kuteseka. Usiiweke juu ya kipasha joto cha ukutani, wala karibu na bakuli la matunda: ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huangusha vitumba na maua.

Mbolea usiiguse mpaka uone ncha mpya za mizizi. Hapo anza na robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila umwagiliaji wa pili, na mara moja kwa mwezi umwagilie maji matupu mengi ili kuosha chumvi zilizobaki.

Ukiwa Nairobi, Dar au Mombasa

Okidi hizi zinauzwa huko pia, na mambo mengi ni yale yale, isipokuwa mawili matatu. Nairobi usiku wa Julai ni baridi kwa falenopsisi iliyo varandani, iingize ndani. Pwani ina joto na unyevu ambao sisi huku tunaulilia, na mmea hukua vizuri barazani chini ya kivuli, lakini huenda ukakaa muda mrefu bila maua, kwa sababu bua huchochewa na wiki kadhaa za ubaridi kidogo. Wakati wa kipupwe, isogeze mahali penye upepo mzuri wa usiku.

Usipopata magome ya kununua, tumia vipande vya mkaa wa kuni, vigae vya chungu kilichovunjika, na makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande. Ila makumbi hayo yawe makavu ya shambani, uyaloweke na kubadilisha maji siku tatu nne. Yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi ya bahari, yataua mizizi.

Na jambo moja ambalo nalisema kwa uzito. Usije ukapanda mti kubandua okidi za porini ukazilete nyumbani ukidhani unaziokoa. Hazihitaji kuokolewa, na nyingi hufa. Okidi zote duniani zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini kuvuka mipaka, kwa hiyo hata kuzitia kwenye begi la safari bila vibali ni kosa. Kule Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mahali ambapo watu wamepaita Bustani ya Mungu, viazi vya okidi vimechimbwa sana kwa ajili ya chakula kinachopendwa Zambia kiitwacho chikanda, na kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mzima umeondoka. Ya dukani iliyokuzwa kitaluni ndiyo inayokungoja wewe.

Wadudu

Vidung'ata na wadudu gamba vipanguse kimoja kimoja kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, hasa makutano ya majani na chini yake. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima, maana mayai hayaonekani na ndiyo yanayorudisha kizazi. Vijinzi vyeusi vinavyoruka unapogusa chungu ni dalili kwamba magome yameoza na unyevu umezidi. Dawa yake ni kubadilisha magome na kupunguza maji. Paka akitafuna jani usihofu, falenopsisi haina sumu kwa paka wala mbwa. Hofia jani.

Bua jipya

Jani jipya likitoka kubwa kuliko lililotangulia, mmea umepona. Maua yanaweza kuchukua mwaka, hata mwaka na nusu, tangu siku ya stika ya njano. Siku moja kati ya majani utaona kitu kinachomoza na utajiuliza kama ni mzizi. Ncha ya mzizi ni ya mviringo na laini. Ncha ya bua imebapa kidogo, ina umbo kama la glavu ya mtoto yenye kidole gumba, na huelekea juu kwenye nuru.

Kama okidi ina majani mawili tu, mimi hulikata bua hilo la kwanza likiwa bado fupi. Wengine hawakubaliani nami, wanasema mmea unajua nguvu zake. Lakini nimeona wenye majani mawili ukichanua na kubaki hoi, na jani lililofuata likatoka dogo kama kijiko. Ukiwa na majani manne, acha liende.

Bua likitoka, usigeuzegeuze chungu. Huinama kufuata nuru, na ukikizungusha kila wiki litapinda kama nyoka. Likifika sentimita 20 lisimamishie kijiti, ulifunge kwa kibanio au uzi laini, polepole lisivunjike. Vitumba vikishaanza kuvimba usiihamishe dirisha na usiiache ikauke kupita kiasi, la sivyo vitageuka njano na kuanguka kimoja kimoja. Mara nyingine kwenye kifundo cha bua hutoka mche mdogo wenye majani yake badala ya ua. Uache hapo hapo mpaka uwe na mizizi mitatu ya sentimita tano, ndipo ukate na kuupanda peke yake.

Tangu bua lichomoze hadi maua ni kama miezi mitatu. Angalia upande wa chini wa bua, maana kitumba kilicho karibu na shina ndicho hufunguka kwanza.